Betri Niliyoiweka Chumbani

Sikuumbwa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema nikiwekwa mkekani, mkeka ndio unaochoka. Kwa hiyo mume wangu alipofariki, ikanilazimu kukaa eda miezi minne na siku kumi katika nyumba ya mavyaa, mamake marehemu, hapa Mambrui, watu walionijua walinipa pole mbili: ya msiba na ya kukaa.

Wiki ya kwanza nilifua kila kitambaa kilichomo nyumbani. Ya pili nikafumua mito nikaishona upya. Ya tatu nilibaki kuzunguka uani, na huko uani ndiko ilikokuwa pikipiki yake.

Ndiyo iliyokuwa ikinifikisha kazini. Nafundisha watoto wa chekechea huko bara, mahali ambapo gari halifiki, na marehemu alikuwa akinipeleka asubuhi na kunirudisha mchana. Kuendesha alinifundisha yeye, kwenye uwanja wa nyuma, mbuzi wa jirani wakiwa mashahidi. Niliazimia nikitoka eda niendeshe mwenyewe. Shemeji yangu, anayekaa nyumba ya pili, alikuwa na azma nyingine. Alimwambia mamake kwamba chombo kikilala kinaoza, heri akichukue yeye akitumie, na kwamba mjane hana haja ya kuhangaika na barabara. Nilimpelekea jibu kwa mavyaa: pikipiki haijalala, na siku nitakayotoka itawaka. Isipowaka, aichukue. Nilisema kwa hasira, na neno likishatoka halirudi.

Basi kila asubuhi baada ya sala nilitoka uani, nikabonyeza stata, nikahesabu mpaka mia, nikazima. Kiki ya kuwashia kwa mguu ilikatika zamani na marehemu hakuishughulikia, kwa hiyo njia ilikuwa hiyo moja. Nilijiona hodari. Shemeji alisikia, majirani walisikia, na mimi, niseme kweli, katika mlio ule nilimsikia mume wangu akinihimiza nitoke twende. Kwa muda wa kuhesabu mia sikuwa mjane. Kisha nazima, narudi ndani kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Siku ya arobaini na kitu hivi nilibonyeza, ikakohoa. Kesho yake ikatoa tk, tk, kama mtu anayekudharau, na taa ikafifia. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma, na hiyo tk yenyewe ikanyamaza. Zilikuwa zimebaki siku zaidi ya themanini, siwezi kutoka kuisukuma barabarani iwake, na shemeji alikuwa ameshakisikia kile kimya.

Alikuja adhuhuri. Nikiwa nyuma ya mlango nilimsikia akimuuliza mamake mbona leo pikipiki haikulia. Mavyaa hakusita. Alimwambia nina maumivu ya kichwa na yeye ndiye aliyenikataza makelele. Mwanamke yule hakosi sala, na nilimsikia akisema uongo kwa ajili yangu. Niliona haya.

Mavyaa akamwita fundi, mtu wa Kaloleni aliyeishughulikia pikipiki ile tangu iliponunuliwa. Yeye alikuwa uani, mimi nyuma ya mlango ulioegeshwa. Alipofungua kiti nilimsikia akiguna. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe kwa hewa ya chumvi, na maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Mavyaa akamwambia achote kisimani. Fundi akakataa kwa adabu: maji ya kisima yana chumvi, na betri ina maji yake yanayouzwa dukani. Nikamuuliza kama imezeeka. Akasema inaelekea miaka miwili. Ikitunzwa sana hufika mitatu au minne, lakini hapa pwani, kwa joto na chumvi, ukipata miwili na nusu unashukuru. Kisha akauliza naiwashaje. Nikamweleza kwa fahari: kila siku, bila kukosa, kwa hesabu ya mia.



"Mama, samahani," akasema. "Wewe ndiwe unayeiua."

Kila nikibonyeza stata, alieleza, betri hutoa nguvu nyingi kwa mara moja, na ili irudishiwe, pikipiki inataka kwenda barabarani nusu saa hivi, si kunguruma imesimama huku taa inawaka. Nilikuwa nikichota kila siku bila kurudisha. Tena kile king'ora cha wezi alichofunga marehemu, chenye kijitaa chekundu, kilikuwa kikinyonya usiku na mchana. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimwogopa shemeji, kumbe adui alikuwa kidole changu.

Nikamuuliza nifanye nini.

"Usifanye kitu, mama. Iache."

Neno hilo liliniuma kuliko lile la kwanza. Aliichomoa betri, akaenda kuichaji polepole, akaosha vichwa kwa maji ya moto na kuvipaka grisi, akairudisha bila kuifunga. Alisema iwekwe pasipo joto, naye atakuwa akipita kila mwezi kuichaji. Nikaiweka chumbani mwangu, juu ya ubao. Mavyaa akaitazama.

"Haya," akasema, "na yeye kakaa eda."

Tulicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Asubuhi iliyofuata nilisali, nikakaa kitandani nikiwa nimeikalia mikono yangu. Nyumba ilikuwa kimya. Kisha nikamsikia mavyaa chumbani kwake akilia, nikafahamu kuwa na yeye, siku zote hizo, alikuwa akihesabu mia. Nikaenda nikakaa naye mpaka jua likapanda.

Siku zile themanini nilizikaa vibaya. Nilitembea mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Mara mbili niliishika ile betri nikaifunge, niisikie pikipiki mara moja tu. Mara mbili niliirudisha ubaoni, nikiwa na hasira na fundi, na marehemu, na kila mtu anayeweza kutoka.

Siku ya kutoka nilioga, nikavaa buibui. Fundi akafunga waya mwekundu, kisha mweusi. Shemeji alisimama penye lango, mikono nyuma. Nikabonyeza. Ikawaka papo hapo, na mavyaa akashika ukuta. Shemeji alisema Alhamdulillahi, akajifuta uso kwa kofia, akaniachia njia. Kumbe na yeye alikuwa na hamu ya mlio wa pikipiki ya nduguye. Fundi alinikumbusha jambo moja tu: nusu saa, nisizime kabla.

Nilikuwa nimepanga kuanzia kaburini. Sikuwahi kuliona kaburi lake, maana siku ya maziko sisi wanawake tulibaki nyumbani. Ni dakika tatu tu kwa pikipiki. Nilipofika kwenye ukuta wa makaburi nilipunguza mwendo, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ufunguo. Nilimtolea salamu pale pale nilipo, nikamwambia nitarudi, na sikuzima.