Bahari Niliyoitupa Kapuni

Kuna Jumamosi moja sitaisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata miwani ilipo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha uchapishaji pale Industrial Area, kazi yangu kukata karatasi kwa mashine. Tulikuwa tumechapa ramani za Kenya za kutundikwa madarasani. Wenzangu walikuwa wananingoja soko la Burma kwa nyama choma, nami nilikuwa na pupa ya ujana. Nikaona upande wa kulia kuna buluu tupu, haina mji wala barabara. Nikadhani ni karatasi ya ziada. Nikaikata kwenye ramani zote, vipande nikavitupa kapuni.

Mzee Okello, msimamizi wetu, mtu wa ziwani, aliokota kipande kimoja. Akakiweka mbele yangu, kidole kwenye mstari mwembamba uliopita katikati ya ile buluu.

"Kijana, nani amekuambia nchi inaishia kwa mchanga?"

"Si hayo ni maji tu, Mzee?"

"Huu mstari umeuona? Mataifa yamekubaliana. Kutoka ufuoni mpaka hapa, maili mia mbili za baharini, samaki ni wetu. Meli za wengine zikitaka kupita, zipite. Zikitaka kuvua, zipige hodi kwanza. Na sisi tukivua, tusimalize. Sasa ukitaka kazi Jumatatu, rudisha bahari mahali pake."

Nikaketi na gundi, nikaunganisha ramani moja moja. Mimi mtu wa Murang'a, bahari sikuwa nimeiona hata siku moja. Nikapima kwa rula kutoka ufuoni mpaka ule mstari, kisha nikaipeleka rula bara: urefu uleule ulitoka Mombasa ukapita Sultan Hamud. Kumbe nchi yangu iliendelea kiasi hicho majini, nami sina habari! Nilistaajabu, nikajiona mdogo sana, na nyama sikuitamani tena. Jumatatu nilirudi kazini.

Mwanangu, cha mlevi huliwa na mgema, na asiyejua mpaka wake hana tofauti na mlevi. Sheria ilitupa haki, lakini haki hailindwi na karatasi, hulindwa na wanaoijua. Basi kijue kilicho chako, hata kama kutoka hapa Donholm hukioni. Mgeni apitaye njia mwache apite, atakayevuna aombe ruhusa. Nawe usivue mpaka ukamaliza samaki wa wajukuu wako. Mungu akujalie macho ya kuona mbali, na mkono unaojua kusema basi.