Gari Lililopewa R

Shemeji yangu ni fundi wa bodi na rangi. Watu humwita Kioo, kwa kuwa gari likitoka mikononi mwake unaweza kunyoa ndevu ukijitazama ubavuni mwake. Miaka ishirini na sita amewaambia wenye magari yaliyogongwa maneno yale yale: "Hili sasa ni kama jipya." Mimi, ninayeagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, sikuwahi kumbishia.

Dada yangu, mkewe, ni mkunga. Alipotaka gari la kumfikisha kazini, niliwapelekea karatasi mbili za mnada, zile ambazo wakaguzi wa Japani huandika hali ya kila gari. Kioo alikuwa hajawahi kuona karatasi za namna hiyo. Alivaa miwani, akaziinamia mezani.

"Hii nne na nusu ni nini?"

"Hali ya gari zima. Tano ni karibu jipya, nne ni zuri, tatu na nusu limechoka kidogo. Herufi hii ni ya ndani: A ni safi, D usiulize."

"Na hizi kwenye mchoro?"

"A hapa ni mkwaruzo, U ni kubonyea. W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi."

"Wanapaona hata palipopakwa rangi?" Aliuliza hivyo mara mbili.

Gari la pili lilikuwa limetembea kilomita chache kuliko la kwanza, na ndani lilikuwa safi, ila badala ya namba lilipewa R. Nikaeleza kwamba liligongwa mbele, likatengenezwa. Kioo akaisukuma karatasi.

"Mke wangu hapandi gari la ajali."

Dada alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaisimamisha pasi.

"Kwa hiyo yale unayowarudishia watu ni nini?"

Mimi, nisiyekosa utani kwa shemeji, siku hiyo niliukosa. Nilimhurumia kweli.

"Agiza hilo la R," Dada akaniambia. "Kama halifai, na yeye afunge gereji."

Gari lilipofika, Kioo hakusalimia mtu. Alifungua boneti, akaingia uvunguni, akapitisha vidole kwenye chuma cha mbele huku amefumba macho. Alikaa huko saa nzima. Alitoka na vumbi hadi kwenye kope, anacheka.

"Mshono nimeupata! Aliyechomelea pale ana mkono, shemeji. Dada yako atazeeka nalo."

Kesho yake nilimkuta gerejini na chaki. Kwenye mlango wa gari la mteja, juu ya rangi yake inayong'aa, alikuwa ameandika W kubwa. Mwenye gari akaja juu.

"Fundi, umenichafulia gari! Hiyo nini?"

Nilisubiri Kioo aseme ni kama jipya. Hakusema.

"Hapo palibonyea, nikapanyoosha mimi," akamwambia, akaifuta chaki kwa kiganja. "Haya, pitisha vidole upatafute."