Niliyoyaficha Mimi, Sisimizi Waliyajua

Nilikuwa nikisema hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliingia Kigali peku, na shati moja, nimeacha shule darasa la tatu. Kiswahili hiki nilijifunza kwa madereva wa malori niliokuwa nawapakilia udongo. Kufika mwaka wa tisini nilikuwa na tanuru mbili za matofali bondeni chini ya Kicukiro, wafanyakazi ishirini na wawili, na nyumba ya vyumba vitano. Ukiona nyumba ya matofali mazuri upande ule, uliza, utaambiwa yametoka kwa nani. Mvua ilishawahi kuniharibia matofali elfu kumi kwa asubuhi moja, na mchana nikala chakula changu vizuri. Nilidhani nimemaliza kuona.

Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Mke wangu Konsolata ni binti wa Gahanga, tumezaa watoto wanne. Nasema wazi, maana ndiyo sababu ya kuandika: kitandani sikuwa na shida, na nilijisifu hata mbele za watu. Hilo lilikuwa kosa. Mtu akijisifia kitu, siku kikiisha hana pa kwenda kulia.

Ilianza na kiu, mwaka wa tisini na moja. Nilimaliza jagi zima la maji na bado ulimi umekauka. Nikaongeza soda, nne au tano kwa siku, na maji ya ndizi mbivu, kwa sababu nilikuwa na pesa ya kunywa. Nikawa nakojoa kila saa. Pale tanurini kuna mkaratusi, nilikuwa nakwenda nyuma yake. Siku moja kapita wangu Bosko, anayesimamia wafanyakazi, alisimama pale akiangalia chini.

"Patroni," akasema, "hapa kwako iko sisimizi wengi. Kule tunakokwenda sisi hakuna hata mmoja."

"Wanajua mkojo wa tajiri," nikamjibu.

Wafanyakazi wakacheka. Mmoja akasema kesho atakuja na kikombe, chai yake haina sukari. Mimi nilicheka kuwashinda. Niliipenda ile hadithi, nikaisimulia kwenye bia mara nyingi.

Baada ya miezi michache nguvu za kiume zikanitoka. Hazikuondoka siku moja. Kwanza zilikuja nusu, halafu robo, halafu uume ukalala kabisa kama si wangu. Hamu ilikuwepo kichwani, mwili haukusikia.

"Umechoka, Baba Klodina," mke wangu alisema. "Ukipumzika itarudi."

Nilipumzika, haikurudi. Mwezi wa tatu akasema tena: "Twende hospitali. Umekonda, mkanda umeongezewa matundu matatu."

"Nikavue suruali mbele ya kijana aliyesoma? Nimwambie nini?"

"Mwambie ulivyoniambia mimi."

"Wewe sijakuambia kitu."

"Ndiyo," akasema. "Hujaniambia."

Badala ya hospitali nilivuka mto nikaenda Bugesera kwa mganga wa mizizi. Alichukua faranga elfu sitini. Akanipa unga wa kuchanganya na asali, kikombe asubuhi, kikombe jioni. Kwetu kila mzee atakuambia asali ndiyo nguvu ya mwanaume, kwa hiyo sikumwuliza swali. Nilikula asali miezi saba. Nyayo zikawa zinaungua kama nimekanyaga majivu ya moto, halafu zikafa ganzi. Macho yakaingia ukungu. Na pale kitandani, hakuna. Kila siku nilizidi kuwa mkali. Nikaanza kusema Konsolata ameniwekea kitu kwenye chakula. Siku niliyorusha sahani ukutani, alimbeba mtoto mdogo akarudi kwao.

Kwetu mke akirudi kwao, mume anamfuata na bia na mtu wa kumsemea. Wakwe wanauliza kosa. Lazima kosa litajwe mbele ya wanaume wa ukoo, wakate faini, ndipo mke arudi. Nilikwenda na jirani yangu Damaseni. Baba mkwe wangu, Mzee Anastazi, alikuwa amekaa na wanawe watatu.

"Mkwe, binti yetu tumemwuliza mara tatu, hasemi kitu. Sema wewe. Ulimpiga?"

"Hapana, baba."

"Ulimnyima chakula?"

Shemeji mmoja akacheka. "Huyu na tanuru zake?"

"Basi ni nini?"

Neno la kweli lilikuwa moja tu, tena fupi. Nikasema: "Nina mwanamke mwingine."

Hata kichwa niliinua. Mashemeji walinikasirikia, lakini katika ile hasira niliona heshima kidogo, na Mungu anisamehe, niliifurahia. Wakanikata faini ya mtamba mmoja. Konsolata alikuwa mlangoni. Yeye peke yake pale alijua kwamba sikuwa na mwanamke wala uwezo wa kuwa naye. Alinitazama, nikatazama chini.

"Kama yuko naye, akae naye," akasema, akaingia ndani.

Nilirudi Kicukiro bila mke. Mtamba nilipeleka.

Mwaka wa tisini na mbili nilikanyaga tofali lililotoka motoni, na sikusikia. Niliona tu viatu vya plastiki vimeyeyuka. Baada ya wiki mbili kidole gumba cha mguu kilikuwa cheusi.

"Patroni," Bosko akasema, "usinifukuze kazi, lakini mguu unanuka."

Ni yeye aliyenipeleka hospitali, na ndiye aliyeniletea maharage siku zote nilizolala pale. Wagonjwa wengine walikuwa na wake zao pembeni, wanawapikia, wanawafulia. Mimi tajiri nilikuwa na kapita.

Daktari alikuwa kijana, kama nilivyoogopa. Alitia matone ya mkojo wangu kwenye dawa ya bluu ndani ya kichupa, akakipasha moto. Ile bluu ikageuka kijani, ikawa njano, ikatulia kwenye rangi ninayoijua kuliko mtu yeyote Kigali. Rangi ya tofali lililoiva.

"Ni sukari," akasema. "Nyingi sana. Unakula nini?"

"Asali."

Aliacha kuandika. Kisha akauliza: "Na kitandani vipi?"

"Hakuna shida."

Hakuinua kichwa. "Mzee, ukikojoa nje, sisimizi wanakuja?"

Nililia. Mtu mzima, mbele ya kijana yule, nililia mpaka kamasi. Halafu nikasema yote. Hakucheka. Aliyaandika kama mtu anayeandika homa.

"Sukari inaua mishipa midogo, ya damu na ya fahamu," akasema. "Ndiyo maana mguu hausikii. Na kule ni vilevile. Ungekuja mwanzo ningekuahidi kitu. Sasa siahidi."

Kidole walikata.

Nilipotoka nilikwenda Gahanga na fimbo, bila bia, bila msemaji. Mzee Anastazi aliwaita wanawe. Nikasema: "Baba, nilidanganya. Sina mwanamke. Mimi ni mgonjwa. Karibu mwaka na nusu sasa si mwanaume kitandani, na binti yako alinisitiri."

Mashemeji waliangalia ukuta. Mzee aliwaambia watoke nje. Kisha akasema: "Ugonjwa hautozwi faini. Mtamba wako utarudi naye."

Konsolata akajibu kutoka ndani: "Mtamba abaki, baba. Uongo aliusema."

Alirudi nyumbani baada ya kuvuna maharage.

Sasa ni mwaka wa tisini na tatu. Sitawadanganya ndugu zangu, nimechoka na uongo. Tanuru moja niliuza. Vidonge vya sukari mwezi mwingine havipatikani. Macho hayajarudi. Zile nguvu, siku moja moja zinakuja nusu, siku nyingi haziji, na daktari anasema huenda ndiyo mwisho wake. Asubuhi Konsolata anapasha kwenye mkaa kichupa cha mkojo wangu na ile dawa ya bluu tuliyopewa hospitali, ananionyesha rangi. Ikiwa kijani hatusemi kitu, tunakunywa chai bila sukari. Ikiwa ya tofali, ananisukumia jagi la maji. Tunalala kitanda kimoja. Nilidhani bila kile kitu hatalala nami, kumbe nilikuwa sijawahi kumwuliza.

Namshukuru yeye, na Bosko, na yule kijana aliyesoma. Kwako unayesoma hii ukiwa umefunga mlango: ukiona kiu isiyoisha, mkojo wa kila saa, na mwili unakukataa, usiende kununua asali. Nenda hospitali, useme lile neno fupi.

Wanaume watatu wameshanijia kwa siri tangu nianze kusema. Hakuna aliyeuliza kama inauma, wala kama daktari anacheka. Wote waliuliza bei, labda ili wapate sababu ya kutokwenda. Nawajibu hivi: mganga nilimpa elfu sitini, mtamba yuko Gahanga amezaa, kidole kimezikwa. Ila neno lenyewe, siku nilipolisema hatimaye, nililisema kwa bei ya kadi ya kumwona daktari, faranga mia mbili.