Beseni la Mtoto Asiyekuwepo

Nilisimama katikati ya ua wa Mzee Salumu, mwenye duka nyuma ya soko la Rumonge, na beseni jipya la kuogeshea mtoto kichwani, ndani yake sabuni, sukari na kofia ndogo ya kufuma, nyuma yangu wanawake wa kanisa letu kama thelathini wanaimba na kupiga makofi, na mtoto hayupo. Mzazi hayupo. Iko bibi kizee amelala kitandani, mlango wazi, anauliza kwa sauti nyembamba, "Nani amejifungua humu ndani?"

Aibu hiyo ni yangu, sikatai. Ila si yangu peke yangu, na mwenzangu nitamtaja.

Mimi ni Mama Feza, mtu wa kutaka kujua. Nilizoea hivyo kambini Tanzania, tulikokuwa wakimbizi, maana kule usipojua nani kaja, nani kaandikwa, nani kaondoka, unalala njaa. Na mimi ndiye ningepaswa kuchunga mdomo kuliko wote hapa pwani ya ziwa, kwa sababu wakati wa vita mume wangu alichukuliwa kwa neno moja tu. Girigori (yuko hai, anauza mawese Minago, na ananisalimia amahoro kama hakuna kitu) alisema kwenye baa kwamba mume wangu anaficha watu. Hakuficha mtu. Basi ungefikiri nimejifunza. Sikujifunza.

Jirani yangu ni Mama Divine, mjane kama mimi, tunaanika dagaa wetu, ndagala, pamoja. Binti yake Divine anaimba korali, na kulikuwa na kijana wa Minago aliyemtaka kwa heshima, wazee wake walikuwa karibu kuja kuongea. Ghafla Divine haonekani kanisani, mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Na mama yake kila asubuhi anapita mlangoni kwangu na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, anaelekea sokoni, anarudi kikapu kitupu. Sasa kwetu mwanamke akizaa, wenzake wanafunika kikapu cha chakula na kwenda kumhemba, yaani kumlisha na kumpongeza. Kikapu cha hivyo, kila siku, asubuhi, kinaenda wapi kama si kwa mzazi? Siku moja nikamfuata (ndiyo, nilimfuata, nikajifanya natafuta chumvi) nikamuona anaingia kwa Mzee Salumu, na mlangoni anapokewa kwa bidoni la maji ya moto. Kikapu na maji ya moto! Wewe ungesema nini?

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba mwenyewe alitaka kuniambia. Tulikuwa kwenye ndagala, akasema, "Mama Feza, keti kidogo, iko jambo linanilemea."

Nilikaa mimi, mdomo haukukaa. "Ni Divine, eeh? Mbona haimbi?"

"Divine yuko Nyanza-Lac kwa mama yake mdogo, anajifunza kushona. Lakini mimi nilitaka—"

"Kushona! Miezi miwili anashona nini, tanga la mtumbwi? Na alipoondoka alikuwa amenenepa, au ni macho yangu?"

Akaniangalia. Akageuza samaki upande wa pili, mmoja mmoja. Akasema, "Basi, dada. Murakoze," akanishukuru hivyo akaondoka.

Ningemfuata hapo, mambo yangeishia hapo. Mimi nikaenda kwa Venasi.

Venasi ni shemasi wetu na ndiye anayeongoza maombi. Kwetu mwenye shida anaandika karatasi, inasomwa Jumapili. Mimi shule niliishia darasa la pili, nasoma kwa kidole, kuandika kunanichukua asubuhi nzima (hata haya unayosoma), kwa hiyo yeye ndiye huniandikia. Nikamwambia hivi, na Mungu ni shahidi: "Shemasi, iko binti wa korali, labda amejifungua, labda amefichwa kwa Mzee Salumu. Tumuombee, lakini taratibu." Labda mbili. Akaandika anatabasamu, akasema, "Mama Feza, Mungu amekupa macho." Nikasikia utamu moyoni, nisidanganye. Sikumwomba anisomee alichoandika.

Jumapili akashika mikro. "Tunamshukuru Bwana kwa binti wetu wa korali aliyejifungua, ingawa si kwa njia nzuri, akapokelewa na ndugu zetu Waislamu hapo nyuma ya soko. Tusimhukumu. Wamama, baada ya ibada tukamhembe!"

Amina ikapigwa mpaka mabati yakalia. Ni binti gani wa korali haonekani? Kila mtu alijua. Na mimi nimekaa pale, natafuta labda zangu zimekwenda wapi. Ningesimama niseme, "Hapana, sikusema hivyo." Lakini wanawake walikuwa wananigeukia, "Kumbe Mama Feza unajua nyumba? Tutangulie!" Nani hapendi kutangulia? Walinitwika beseni nikatembea mbele kama bibi harusi.

Mzee Salumu alitoka na kanzu yake, mikono wazi. "Karibuni mama zangu, karibuni! Kumbe habari za mgonjwa zimewafikia. Mungu awalipe." Alidhani tumekuja kumuona mke wake, Bi Zuhura. Wimbo ukafa mbele, lakini walioko nje ya geti hawakujua, wakaendelea kuimba karibu mtoto karibu mtoto. Ndipo bibi akauliza nani amejifungua, na Mama Divine akatoka chumbani, mikono ya gauni imekunjwa mpaka kwenye viwiko, ameshika shuka lililolowa.

Bi Zuhura alianguka bafuni, nyonga ikavunjika. Aliona haya watu wajue kwamba anaogeshwa kama mtoto, akamwomba Mama Divine, aliyekuwa anamuogesha na kumletea chakula kwenye kikapu kile, asiseme kwa mtu, naye hakusema. Tuliporudi kutoka Tanzania, Mama Divine alikuta nyumba yake ina watu wengine, na Bi Zuhura ndiye alimfungulia stoo alale na mtoto wake. Mambo haya nilikuja kuyajua baadaye. Siku ile nilisikia hili tu:

"Mama Feza, beseni hilo la nani?"

Nikalishika beseni kwa mikono miwili, lisianguke.

"Nimekuuliza."

"La Divine."

Hakulia, hakunitukana. Bi Zuhura ndiye aliyesema kutoka kitandani, "Mtueni huyo, shingo itamuuma. Salumu, wapikie wageni chai." Ile chai ilinichoma kuliko tusi.

Mmoja wetu hakuinywa. Shangazi wa kijana wa Minago anasali kwetu, naye alisikia mikro kama sisi sote, lakini aligeuka njiani kwa hasira, hakufika uani. Wiki haikuisha, neno likaja kutoka Minago: kwanza tungoje, wazee hawaji. Divine amerudi na cherehani na tumbo lake la siku zote, na hatoki nje. Wazee wa kijana wanasema neno lilisemwa kanisani, lisafishwe kanisani, ndipo watakuja.

Nilikwenda kwa Mama Divine. Akaniuliza, "Leo utanyamaza?" Nikasema nitanyamaza. Akaongea mpaka mboga za lengalenga zikaungulia jikoni, na asubuhi ile moja nilijua mambo mengi kuliko miaka yote ya kuchungulia. Sasa nimeapa: jina la mtu halifiki kwenye maombi yangu kabla miguu yangu haijafika mlangoni kwake, na nikifika, nikae nisikilize.

Kisha nikaenda kwa Venasi. Akanijibu, "Mimi sikutaja jina. Na wewe ndiye uliyeleta."

"Nilileta na labda mbili."

"Labda haisomwi kwenye mikro, mama. Inavunja imani."

Alisema hivyo akiwa ameshika Biblia. Mchungaji anasema tuliache lipite. Lipite kwenda wapi? Divine yuko ndani na mlango umefungwa.

Basi mimi nimeandika haya kwa mkono wangu, na nitayasoma kwa kidole mbele ya kanisa Jumapili hii, wacheke wanaocheka. Lakini maneno niliyoyasema mimi hayakuwa yale yaliyosomwa. Venasi, mwana wa Rubeni, shemasi, njoo usimame pale karibu yangu, utaje jina la Divine ambalo unasema hukulitaja, na uwajibu watu wa Minago: nani alifuta labda zangu, na alitaka nini?