Usingizi wa Argyris

Mimi nauza sigara, magazeti na maji baridi kwenye kibanda kilicho kati ya bandari na kanisa, na huu ni mwaka wa thelathini na moja. Nasemwa sana kwamba nina mdomo. Sawa, anayetaka maneno matamu aende kwa padri. Wageni nawaambia yale ambayo wenye nyumba za kupangisha wanaona haya kuyasema. Ukiingia dukani, salimia kwanza ndipo uoneshe kidole unachotaka. Usiende kwa mwoka mikate na nguo ya kuogelea, maji yanakudondoka sakafuni kwake. Karatasi ya chooni itie kwenye ndoo, mabomba yetu membamba. Na mzee akikuletea kinywaji mezani, rudisha pochi mfukoni, maana ukitaka kumlipa umemtukana mbele za watu. Wakiambiwa wanashika, tena wengi ni watu wazuri tu. Lakini kuna moja ambalo ukilivunja mimi na wewe tumekosana: kuanzia saa tisa mchana mpaka saa kumi na moja na nusu, mji huu umelala, na wewe nyamaza.

Anayeuhitaji usingizi huo kuliko sote ni Argyris, mwoka mikate, jirani yangu. Yeye huamka saa saba za usiku, siku zote za Mungu, akawasha kuni za tanuri la babu yake. Mchana ndio usiku wake. Alipokuwa na miaka sita homa ilimkamata mpaka seremala akaja kumpima jeneza, na mama yake akaweka nadhiri kwa Bikira Maria: mtoto akipona, kila mwaka mkesha wa sikukuu yake mwezi wa nane, mikate mitano ya kubarikiwa itatoka kwenye tanuri lao, maadamu mikono ya mtoto huyu inaweza kukanda. Mtoto akapona. Mama alishakufa zamani, mikono bado ipo. Miaka hamsini na minane haijapita sikukuu bila mikate ile, hata mwaka aliovunjika mkono wa kushoto akakanda kwa wa kulia.

Argyris hakuoa. Alimlea Stratos, mtoto wa marehemu dada yake, tangu akiwa na miaka minne. Wakati ule palikuwa na mforosadi mkubwa uani kwa bibi yake, mkabala na dirisha la chumba cha Argyris, na kiangazi nyenje hujaa kwenye mti ule wakipiga kelele za kumtoa mtu wazimu. Stratos alikuwa anasimama chini yake saa tisa hizo na fimbo ndefu ya tete, anawafukuza ili mjomba wake alale. Hakuna aliyemtuma. Nilimwona kwa macho yangu, peku, shingo imeelekea juu, na nikampenda kwa hilo.

Basi huyo Stratos akakua. Akaichukua nyumba ya bibi yake, inayotazamana na dirisha lile lile, akaigeuza ya kupangisha wageni. Uani akachimba bwawa la kuogelea, na mforosadi akaukata, ati majani yanachafua maji.

Mwezi wa nane mwaka huu alipangisha familia ya Kiholanzi, mama anaitwa Marijke, mume, na watoto wanne wenye afya kupita kiasi. Saa tisa na nusu kila siku, wakati hata paka wamejificha, wao ndio wanaruka majini. Wanaruka, wanapiga mayowe, wanatoka, wanaruka tena. Siku ya kwanza nilisema watachoka. Siku ya tano Argyris alikuja kununua sigara macho mekundu kama aliyelia.

"Nenda kawaambie," nikamwambia.

"Nyumba ni ya mtoto, Zafiro. Nitamharibia kazi."

"Mtoto gani? Jitu lina kitambi na ndevu."

Akachukua sigara zake akaenda. Nikamfuata Stratos mwenyewe, nikamkuta anaosha gari.

"Mjomba wako halali," nikasema.

"Nitawaambia, shangazi." Ndivyo anavyoniita, kwa ujirani tu.

"Lini?"

"Nitaliandika kwenye ile karatasi ya masharti ya nyumba. Ukimwambia mtu mzima anyamaze kwenye likizo yake, anakwenda kukunyima nyota mtandaoni. Wewe hujui mambo haya."

"Mimi nayajua mambo ya mjomba wako."

"Nimesema nitaandika, shangazi. Basi."

Hakuandika. Kelele zikaendelea, na mimi damu ikanichemka. Siku ya saba nilikwenda kwenye ukuta wa ile nyumba, nikawanyooshea kiganja wazi, vidole vitano vimetanuka, tusi ambalo huku watu wameshapigana kwa ajili yake. Wale watoto wakafurahi, wakadhani nawapungia. Wote wanne wakanirudishia viganja vyao, vidole ishirini usoni pangu. Argyris aliona kutoka dirishani, akacheka. Wiki ile sikumwona akicheka tena.

Siku ya mkesha, saa tatu asubuhi, nikasikia harufu ya kuungua hadi kibandani. Nilikimbia. Mikate mitano ya Bikira Maria ilikuwa tanurini, rangi moja na makaa, huwezi kujua kipi ni kipi, na Argyris amelala ameketi juu ya gunia la unga, mdomo wazi, koleo bado mkononi. Nilimwamsha. Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga mezani. Kisha akauchukua muhuri wa mbao wa kuugongea mkate, akawa anaufuta kwa aproni, anaufuta tu, na ulikuwa msafi.

"Miaka hamsini na minane," akasema.

"Ibada ni saa moja jioni. Kanda mingine."

"Nitakanda. Huu ni unga wa kuumuka polepole, utakuwa tayari saa kumi na moja. Hapo katikati nikilala hata saa mbili, nitaimudu. Nisipolala naichoma tena, najijua. Mikono inatetemeka, Zafiro. Na mama alisema maadamu mikono inaweza."

Sikusubiri zaidi. Nilichukua mkate mmoja ulioungua, nikaubana kwapani, nikavuka njia na kugonga mlango wa Waholanzi wale. Nilikuwa na maneno mabaya nimeyapanga mdomoni. Marijke alifungua, nikaanza kwa Kiingereza changu cha kibandani: kuna mtu pale dirishani, anaamka usiku kuwaokea nyinyi mikate mnayokula asubuhi, na siku tisa hajalala kwa sababu yenu, na leo hii ndiyo kazi yenu. Nikapita ndani, nikauweka mkate mezani, ukagonga kama tofali.

Yule mama akageuka rangi. Akaenda kwenye friji, akabandua karatasi ya masharti, akaniletea niisome. Msivute sigara ndani. Msiwape paka chakula. Mashuka ya chumbani msiende nayo ufukweni. Bwawa liko wazi siku nzima, mfurahie.

"Siku tisa," akasema. "Na wewe uko pale ng'ambo, kila siku nanunua maji kwako. Kwa nini hukuniambia?"

Swali lile ndilo lililonikera kuliko yote. Mimi mwenye mdomo, nilikuwa nimenung'unika, nimetukana, nimenyoosha kiganja. Kugonga mlango sikugonga hata mara moja. Marijke hakungoja nijitetee. Saa nane na nusu aliwakusanya watoto na baba yao, wakaenda chini ya misonobari upande wa pili wa ghuba, viatu mkononi wasikwaruze kokoto za njia.

Saa tisa mji ukatulia. Unga umefunikwa kwa blanketi, Argyris amepanda juu, dirisha limefungwa. Nilifunga kibanda, nikaketi kivulini, najizuia hata kukohoa.

Saa kumi kasoro robo drili ikaanza. Ilikuwa inakula ukuta wa ile nyumba, pande za bwawa, na aliyeishika ni Stratos. Anafunga bomba la kujisuuzia, maana wageni wengine wanaingia kesho kutwa. Nilikwenda nakimbia na miguu yangu hii mibovu, nimeshaokota jiwe, simfichi mtu. Kabla sijafika, dirisha la juu likafunguka. Argyris alisimama pale na fulana yake, nywele zimelala upande mmoja. Hakupaza sauti.

"Stratos, mwanangu. Kama umekuja kufukuza nyenje, washaondoka."

Drili ikanyamaza. Stratos alitazama pale mforosadi ulipokuwa, akatazama dirishani, na dirisha lilikuwa limeshafungwa. Akawa anaviringisha waya mkononi, anauviringisha vibaya, unamtoka. Sikumrushia jiwe. Mpaka leo najuta kidogo.

Argyris hakupata usingizi tena. Saa kumi na moja alishuka, nikasimama naye mbele ya tanuri, namfinya mkono kila akipepesa. Mikate ikatoka mizuri, mmoja muhuri umekaa upande. Kanisani, ilipokwisha kubarikiwa na kukatwa, alimpa Marijke kipande kwa mkono wake. Kisha akampa Stratos, kipande kinene, na Stratos akakipokea kwa mikono miwili bila kuinua uso. Mimi nisingempa.

Ule mkate ulioungua sikuurudisha. Familia ya Marijke ilipoondoka, niliuacha pale pale mezani, juu ya karatasi ya masharti, nikamwambia Stratos akiutupa atanijua. Hajautupa. Kila Jumamosi wanaingia wageni wapya, na kila Jumamosi kabla hawajafungua mabegi wanamuuliza hili jiwe jeusi ni nini. Nikiwa kibandani namsikia anawaeleza, kwa sauti ya chini, tangu mwanzo, tangu fimbo ya tete.