Uteute wa Kijani Nyuma ya Kituo cha Afya

Nilihamishiwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa nikitokea Dodoma, na siku ya kwanza niliposimama nyuma ya kituo cha afya nilichopangiwa, si mbali na Matema, nilicheka peke yangu. Maji yalikuwa yameenea mpaka kwenye miguu ya milima, meupe, ukiyatazama unaona mawe ya chini. Mimi ni fundi wa maji. Nilijisemea kwamba hapa Mungu ameshafanya kazi yote, mimi nimeletwa kupunga upepo tu.

Kazi yenyewe ilikuwa kuutunza mtambo mdogo wa kusafisha maji. Pampu ilivuta maji ziwani na kuyapitisha kwenye mabomba matatu manene yaliyosimama wima ndani ya kibanda. Ndani ya kila bomba kulikuwa na membreni, yaani nyuzi nyingi nyembamba kama tambi, zenye uwazi katikati. Kuta za nyuzi hizo zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho; maji hupenya, uchafu na vijidudu hubaki nje. Maji yaliyotoka hapo ndiyo yaliyokwenda wodi ya wazazi, maabara, na kwenye bomba la uani ambako kijiji kizima kilichota maji.

Miezi ya mwanzo mtambo ulikwenda vizuri. Halafu mvua kubwa zikanyesha, zikaisha, jua likatoka na ziwa likatulia kama limelala. Asubuhi moja nikakuta mshale wa geji ya presha umepanda. Maana yake pampu inasukuma kwa nguvu lakini maji hayapiti. Nikageuza mkondo, nikasukuma maji safi kinyumenyume ili kuzisuuza nyuzi. Mshale ukashuka. Kesho yake ukapanda tena. Keshokutwa yake ulipanda kabla ya saa sita mchana, na bomba la uani likawa linatoa maji membamba kama uzi.

Mganga mfawidhi, mzaliwa wa Kyela mjini mwenye sauti ya upole, alikuja kibandani akiwa bado na koti lake jeupe.

"Dada fundi, wodini tumeanza kuchemsha maji kwa sufuria," alisema. "Tatizo ni nini?"

Sikujua. Ila sikutaka kusema sijui. Nikachungulia dirishani, nikawaona kina mama wanafua na kusugua masufuria kwenye mawe, hatua chache tu kutoka mdomo wa bomba letu la kuvutia maji ziwani.

"Sabuni," nilisema. "Na ukoko wa wali. Vyote vinaingia humu."

Mchana huohuo nikatundika kibao: MARUFUKU KUFUA NA KUOSHA VYOMBO HAPA. Nikaongeza na klorini kwenye maji kabla hayajafika kwenye membreni, nikiamini naua chochote kilichomo. Kina mama walikisoma kibao, wakatazamana, wakajitwisha mabeseni na kuondoka.

Baada ya wiki walirudi, watano, mpaka mlangoni pa kibanda. Mbele alikuwa mama mmoja wa kabila la Wakisi, mfinyanzi, mpana wa mabega, ambaye kila Jumamosi alipakia vyungu vyake kwenye mtumbwi na kupiga kasia mwenyewe kwenda sokoni Matema.

"Shikamoo, mama," nilimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Wodi iko upande ule, mama."

"Si wa wodini. Mashine. Tumesikia sabuni yetu ndiyo imeiangusha. Wiki nzima tunafulia kule mbali, migongo imekufa. Imepata nafuu?"

Niligeuka kutazama geji. Mshale ulikuwa juu kuliko siku zote.

"Haijapata," nilisema kwa sauti ndogo.

Walicheka mpaka mmoja akalazimika kushusha beseni. Nami, aibu ilipopungua, nikacheka. Kisha nikafanya nilichopaswa kukifanya siku ya kwanza: nikazima pampu, nikafungua bomba moja, nikaichomoa membreni mbele yao. Nyuzi zote zilikuwa zimevikwa uteute wa kijani unaonuka samaki. Kwa mtu wa Dodoma utelezi ule haukuwa mgeni; ulikuwa mlenda mtupu.

Mfinyanzi aliugusa kwa kidole, akaunusa. "Huu si wetu. Huu ni mwani wa ziwa. Asubuhi nikienda sokoni napita kwenye maji meupe. Mchana nikirudi, upepo umeshausukuma wote huku kwenu, mpaka kasia linaota ndevu."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Ulituuliza? Ulitundika kibao."

Nilitoka, nikaking'oa kile kibao huku wakinitazama, nikawaomba radhi. Mmoja wao akasema radhi zimepokelewa, ila nitambebea beseni mpaka kwenye mawe. Nikabeba. Lilikuwa na mablanketi yaliyolowa, na nilifika nikiwa nimelowa mpaka kiunoni.

Kesho yake mfinyanzi akanipeleka ziwani. Nilitaka kujua mwani unakaa kina gani, na nilikuwa nimetengeneza chombo changu: chupa ya soda iliyofungwa jiwe, yenye kamba ndefu, na kizibo chenye kamba yake ya pekee ili niizibue chupa ikiwa chini. Tatizo ni kwamba sijui kuogelea.

"Kaa kama gunia la mpunga," aliniagiza. "Gunia haligeukigeuki."

Nilijitahidi kuwa gunia. Lakini nilipoinama kuteremsha chupa, mtumbwi ukainama pamoja nami, nikapiga ukelele na kumkumbatia yule mama kwa mikono miwili. Kutoka ufukweni tulisikia watu wakishangilia.

"Ndaga fijo, asante sana," aliniambia kwa utulivu, akiendelea kushika kasia. "Siku nyingi sijakumbatiwa hivi."

Tulirudi na chupa tatu za maji: moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini kabisa. Yeye alikuwa na hakika kwamba maji bora ni ya chini kabisa, kwa sababu ni ya baridi. Nikayachuja yote kwa pamba safi ya chumba cha vidonda. Pamba ya maji ya juu iligeuka kijani. Ya chini kabisa ilikuwa na tope la kahawia, na mfinyanzi akaguna. Ya katikati ilibaki karibu nyeupe.

Hapo mambo yakaanza kunikaa sawa kichwani. Mvua zilikuwa zimekokota mbolea na udongo kutoka mashamba ya mpunga na kokoa, mito ikavimwaga ziwani, na jua lilipotoka mwani ukala na kuzaana. Ukifika kwenye membreni haupiti. Unang'ang'ania ukutani, na uteute wake unakuwa gundi. Na mimi, kwa ile klorini niliyoongeza, nilikuwa nimeharibu zaidi. Mwani ukipigwa na dawa hupasuka na kumwaga uteute uliokuwa tumboni. Wiki nzima nilikuwa najipikia mlenda mwenyewe.

Tuliongeza bomba la plastiki lifike mbali. Siku ya kulivuta, kina baba waliacha nyavu zao na kina mama wakashika kamba, mganga mfawidhi naye akavua viatu na kukunja suruali. Tuliuning'iniza mdomo wa bomba kwenye madumu matupu, uelee katikati, juu ya tope na chini ya mwani. Ufukweni nikaweka tangi la mchanga na kokoto la kuyachuja maji kwanza. Pampu nikawa naiwasha alfajiri, kabla upepo haujaanza. Membreni nikaziloweka, kwanza kwenye klorini, ambayo uteute ukishamwagika huuyeyusha, kisha kwenye asidi ya ndimu, nikazisuuza mpaka mikono ikakunjamana.

Mbili zilipona. Ya tatu haikupona. Uteute ulikuwa umekauka ndani ya vitundu, na kila nilichojaribu kilishindikana. Niliandika barua ofisini nikaeleza yote, pamoja na kosa langu la klorini. Baada ya wiki kadhaa nikapigiwa simu kwamba mzigo wangu umefika Kyela kwa basi la Mbeya.

Niliukuta stendi umesimamishwa ukutani, mrefu kunizidi, umevingirishwa nailoni. Dereva wa bajaji aliuzunguka mara mbili, akakuna kichwa.

"Dada, hii ni nini?"

"Chujio."

"La chai?"

Nikamwambia ni la maji ya ziwa. Aliutazama tena mzigo, akatazama bajaji yake, akaamua kuulaza kutoka kiti cha nyuma mpaka begani kwake. Njia nzima aliendesha kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu mwenye shingo iliyoteguka, huku akinisimulia habari za harusi ya dada yake. Saa tisa alasiri membreni mpya ilikuwa mahali pake, na kwenye bomba la uani ndoo zilijaa kabla watu hawajamaliza kusalimiana.