Kwetu Ngumi ni Tano

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa fulana isiyo yangu. Ilikuwa asubuhi ya baridi, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Marekani ambako pumzi ya mtu huonekana ikitoka kinywani. Kocha mkuu, mwanamume mpana mwenye sauti ya chini, alinitazama kuanzia kisigino hadi kiunoni, na hapo akaishia.

"Una miguu," alisema. "Chukua hiyo, ukae na wakimbiaji."

"Bwana kocha, mkataba wangu unasema kwotabeki."

"Mikataba husema mengi. Umetoka wapi?"

"Kasongo."

"Ni wapi huko?"

"Ukifika Kabambare, umekaribia."

Kocha wa warushaji, mzee mwembamba aliyesimama nyuma yake, aliangua kicheko. Aliichukua ile fulana mkononi mwangu, akanitupia nyingine. "Niachie mimi huyu," alimwambia mkubwa wake. "Nitamweka awe kwotabeki wa tatu."

Vita vilitutoa Kasongo, mashariki mwa Kongo, nikiwa mtoto. Tulivuka ziwa Tanganyika, tukakaa kambini miaka mingi, na kutoka kambini tukapelekwa Marekani. Huko shuleni ndiko nilikojifunza kurusha. Mama alirudi Kasongo mara tu njia zilipotulia; alisema baridi ile haikuumbiwa watu. Mimi nilibaki kwa sababu ya mpira.

Niwaeleze mpira wenyewe, vijana, maana mkisikia mpira mnafikiria miguu. Huu hushikwa kwa mikono, na umechongoka pande mbili kama papai changa. Timu huusogeza mbele kidogo kidogo mpaka uvuke mstari wa mwisho wa wapinzani. Watu watano wakubwa kama magunia ya mpunga husimama mbele, ndio ukuta. Nyuma yao husimama mmoja, ndiye kwotabeki. Kila mara mpira huanzia mkononi mwake, naye huamua: ampe mkimbiaji aliye karibu, au aurushe mbali kwa mpokeaji aliye mbioni. Muda wake ni pumzi tatu. Kwenye pumzi ya nne ukuta hubomoka, na wapinzani humwangukia kama mapipa ya mawese yaliyokatika kamba.

Kwa hiyo kazi ile si mkono tu. Ni macho, na ni kuamua. Kwotabeki akisema nenda, watu kumi wanakwenda. Ndiyo maana walitaka nikimbie. Watu wa rangi yangu, kwa muda mrefu, walihesabiwa kuwa miguu. Kichwa kilitafutwa kwingine. Hakuna aliyenitamkia hivyo. Walinipa fulana tu.

Msimu wa kwanza niliupitisha pembeni, nikiandika kila mrusho wa wenzangu. Msimu wa pili kwotabeki wa kwanza alivunjika mtulinga, na wa pili alikuwa amehamishiwa timu nyingine. Mkurugenzi wa wachezaji, ambaye ndiye huajiri na kuachisha, aliniita ofisini kwake.

"Una michezo mitatu," alisema. "Ukiweza, nafasi ni yako. Ukishindwa, unakwenda kwa wakimbiaji, na safari hii usinisomee mkataba."

Mchezo wa kwanza tulishinda. Wa pili tulishindwa, lakini hakuna aliyeninyooshea kidole. Wa tatu ulichezwa ugenini, katika uwanja ambao kelele zake zilitingisha meno. Penye kelele kama zile, maneno hayafiki, hutumika mkono. Kila mpokeaji amekariri njia tano za kukimbia, na kila njia ina namba yake, inayoonyeshwa kwa vidole. Njia ya tano ndiyo ndefu: unakwenda moja kwa moja hadi mwisho bila kugeuka. Mkono uliofungwa haukuwa namba. Ulikuwa amri: usiende, simama uzuie.

Dakika ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Upande wa kushoto nilimwona Teri, mpokeaji wangu mwenye kasi kuliko wote, akilindwa na mtu mmoja aliyeegemea mbele mno. Njia ya tano! Nikainua mkono, nikafunga ngumi.

Msomaji wa Kasongo hashangai. Kwetu moja ni kidole cha shahada. Mbili, kinaungana na cha kati. Tatu, cha shahada kinakunjwa chini ya gumba, na vile vitatu vya mwisho vinabaki wima. Nne, viwili viwili vilivyoachana. Na tano ni ngumi: mkono umejaa. Ndivyo Mama alivyohesabu vipimo vya mchele sokoni, nami mgongoni mwake nikihesabu naye. Huko Marekani nilikuwa nimehesabu kama wao miaka yote. Dakika ile, masikio yakiwa yamejaa kelele, mkono wangu ulirudi nyumbani bila kuniaga.

Teri alisimama, akazuia. Mimi nikarusha mbali, pale ambapo alipaswa kuwa. Mlinzi wa wapinzani aliudaka mpira kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni, akaondoka nao, na mchezo ukaishia hapo.

Katika chumba cha kubadilishia nguo Teri alitupa kofia yake ngumu sakafuni.

"Nilikuwa na njia wazi! Kwa nini ulinisimamisha?"

"Nilikupa tano."

"Ulinipa ngumi!"

"Ngumi ni tano."

Kocha mkuu akasogea karibu. "Nani kakuambia ngumi ni tano?"

"Mama yangu."

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. "Basi tumefungwa na mama yako!" alisema mmoja wa watu wa ukuta, akijifuta machozi. Kocha mkuu hakucheka. "Jumatatu," aliniambia, "ofisini kwa mkurugenzi."

Jumapili nilimpigia Mama.

"Mama, nimeharibu. Wataniondoa kwenye kazi yangu."

"Uliiba?"

"Hapana. Nilionyesha tano, wao wakaona kitu kingine."

"Tano ya namna gani?"

"Ngumi."

"Sasa ngumi si tano? Kwao tano iko nini?"

"Vidole vyote wazi."

"Ii! Mukono wazi ni mukono hauna kitu. Hawa watu wanahesabu mubaya." Nikasikia jogoo wa jirani. "Na wale munashindana nao, wanajua tano yetu?"

"Hakuna mtu kule anayeijua, Mama."

"Basi unalia juu ya nini, mutoto wangu?"

Nilibaki nimeshika simu hata baada ya yeye kukata.

Jumatatu niliwakuta wakubwa wote watatu. Mkurugenzi alitaka kuanza, nikamwomba nitangulie.

"Kosa ni langu, silikatai," nilisema. "Lakini wapinzani wamekuwa wakisoma mikono yetu msimu mzima. Hesabu ya kwetu hawawezi kuisoma. Nipeni wiki moja niwafundishe wapokeaji, na mchezo mmoja."

"Wanatusoma kweli," alisema kocha wa warushaji. "Nimeisema hapa hapa mpaka nimechoka."

"Na ukishindwa?" aliuliza kocha mkuu.

"Fulana ya mkimbiaji nitaivaa mwenyewe, sitangoja kupewa."

Mkurugenzi alinitazama, na safari hii nilitazamwa usoni. "Mmoja," alisema.

Wiki ile niliwafundisha Wamarekani kuhesabu kama wauza mchele wa Kasongo. "Kwa hiyo hii ni tatu?" Teri alinidhihaki, akipinda vidole. "Babu yangu alikatwa kidole na msumeno, akawa anahesabu hivi hivi." Lakini ndiye aliyeshika mapema kuliko wote. Kantini aliagiza mayai matano kwa ngumi, mpishi akadhani anatishwa, akaenda kumwita mlinzi.

Jumamosi, tukiwa nyuma tena, nilifunga ngumi mbele ya uwanja mzima. "Anabaki! Anabaki!" mlinzi wao aliwapigia kelele wenzake, akasogea mbele. Teri alimpita kama pikipiki inavyolipita lori lililokwama kwenye matope ya barabara ya Wamaza, kule kwetu. Nilipourusha mpira sikuusikia ukitoka mkononi. Nilisikia tu uwanja ukinyamaza, na kisha ukilipuka.

Fulana ya mkimbiaji sikuivaa kamwe maishani mwangu. Nilicheza misimu tisa mingine, katika timu tatu. Katika ile ya pili kocha mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, na machache yenyewe nimeyatunza. "Ukikosea, usitazame nyasi," aliniambia. "Kumi wale wanatazama uso wako, wajue kama bado wamo mchezoni." Katika ya tatu bega langu la kulia lilianza kugoma. Nilirusha kwa maumivu asubuhi, na kwa barafu jioni. Katika kazi ile mtu wa miaka thelathini na mitano ni mzee, nami niliitwa mzee kwa heshima na kwa utani, kwa zamu.

Siku hizi nimerudi nyumbani, ninalima mpunga upande wa Lusangi. Mkono wa kulia haupandi juu ya sikio, kwa hiyo jembe linanyanyuliwa zaidi na wa kushoto. Jirani yangu, Papa Bonifasi, bado hajaielewa kazi yangu.

"Sasa weye," huniambia tukipumzika, "walikuwa wanakupiga, wanakuangusha chini, na unasema ulikuwa chef, mukubwa wao?"

"Ndiyo, Papa."

"Chef wa kuangushwa! Na mwisho walikufukuza?"

"Hapana, Papa. Waliniuliza."

Hilo ndilo ninalotaka kuwaachia. Mwaka wa mwisho ile timu ya tatu ilimleta kwotabeki mwingine, mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu, mtulivu, mwenye bega zima. Nilimfundisha ukuta, walinzi na ishara zote. Kuna usiku nilitamani asielewe. Alielewa. Siku moja baada ya mazoezi kocha mkuu wa timu hiyo alinikuta nimekaa peke yangu, bega likiwa ndani ya barafu. Wasaidizi wake wote walikuwa uwanjani, wenye kalamu na kompyuta zao. Aliwapita, akaja kusimama mbele yangu.

"Niambie wewe," alisema. "Anaweza kuwaongoza?"

Nilijua jibu moja lingenipa msimu mwingine, na la pili lingenirudisha Kasongo. Nilimtazama yule kijana akirusha upande wa pili wa uwanja.

"Yuko tayari," nilisema.

Kocha aliitikia kwa kichwa. Hakumwuliza mtu mwingine.